Mtoto wa watu amekwenda wapi

Nilidhani Jumapili ikipita nalo litapita. Wapi. Nimeosha vyombo nalo, nimesaini maombi ya dawa za Bohari nalo, na juzi usiku nilipoitwa wodi ya wazazi kwa mama mwenye kifafa cha mimba (wamepona wote wawili, msiwe na wasiwasi), njia nzima gizani nilikuwa namsikia mama yangu mzazi: "Na yule mtoto wa watu amekwenda wapi?"

Wengi mmeshajua, maana Bahati alitangaza kabla yangu. Barua imekuja, kituo nimepewa mimi. Mganga Mfawidhi. Dokta niliyekuwa chini yake kahamishiwa halmashauri nyingine, makabidhiano yamefanyika, keki imekatwa, wenzangu wa kikoba wamenivisha kitenge, Baba Neema amelia na anakataa kwamba amelia. Basi, hayo ndiyo makubwa ya wiki.

Sasa hili dogo. Jioni ile ile nilimpigia mama, Nansio. Kwake mtandao hushika akisimama karibu na banda la kuku, kwa hiyo mazungumzo yetu yote yana kuku ndani yake. Shikamoo, marahaba, watoto hawajambo, mvua je. Halafu:

"Mama, wamenipa kituo."

"Kituo gani tena?"

"Hiki hiki ninachofanyia kazi. Mimi ndiye mkuu wake sasa."

Kuku.

"Alaa. Na yule mtoto wa watu amekwenda wapi?"

"Yupi?"

"Aliyekuwapo."

"Amehamishwa, mama."

"Mh." Kisha, kwa sauti ya mtu anayefunga mlango taratibu: "Haya. Dagaa wamefika? Nilimpa yule kijana wa botini."

Dagaa walikuwa wamefika. Hongera haijafika mpaka leo.

Mnamjua mama yangu, si mtu wa maneno mengi. Lakini mtoto wa watu! Hilo ndilo linalonikera. Mtoto wa watu ni mtu aliyeonewa, mtu uliyemkuta amekaa zake, ukamwondolea mkeka. Nimemjibu mama mara nyingi sana kichwani. Nimemwambia sikumhamisha mimi, mama, barua ina mhuri. Nimemwambia amepandishwa daraja kabla ya kuondoka. Nimemwambia na mimi je, mimi ni mtoto wa nani?

Haki itendeke, yeye Dokta anamjua. Mwaka ule alipoletwa na goti lake, benchi limejaa, Dokta alitoka chumbani na kiti chake mwenyewe akamwekea kivulini, yeye akaendelea kuona wagonjwa amesimama. Mama huwa hasahau kiti. Kwa hiyo labda alikuwa anamwulizia mtu wake, si zaidi. Nilijiambia hivyo Jumatatu asubuhi. Mchana nikawa siamini tena.

Ubaya ni kwamba siku ya makabidhiano kulikuwa na hotuba, tena ndefu. Mgeni wetu kutoka manispaa alikuja amejiandaa, akawapanga akina mama wa nchi hii mstari mmoja. Akaanza na Bibi Titi Mohamed na akina mama aliowaingiza TANU 1955 kupitia vikundi vya ngoma. Akaja kwa Profesa Esther Mwaikambo, daktari wetu wa kwanza mwanamke, aliyesomea Moscow, akamaliza 1969, na 1987 akawa miongoni mwa waanzilishi wa chama cha madaktari wanawake, MEWATA. Akaja kwa mama Gertrude Mongella. Akamaliza kwa Rais Samia, makofi yakapigwa, halafu akanyoosha mkono kwangu. Mimi nimesimama pale na mkungu wa funguo, na mlango wa jokofu langu la chanjo umefungwa kwa plasta.

Funguo zenyewe mngeziona. Zimefungwa kwa kipande cha bandeji, kila mmoja una plasta iliyoandikwa kwa kalamu ya bluu: stoo, maabara, wazazi, choo cha watumishi. Mmoja umeandikwa alama ya kuuliza tu. Nikamwuliza Dokta huu wa wapi. Akacheka. "Hata mimi nilikabidhiwa nao." Tukasaini.

Jina la Mongella lilinigusa zaidi kwa sababu ni mtu wa kisiwa chetu. Ukerewe huwezi kukua bila kuambiwa habari zake: binti wa pale pale, akavuka maji kwenda kusoma Marian College Morogoro, na Septemba 1995 akawa Katibu Mkuu wa mkutano wa wanawake wa Beijing, serikali 189. Mama alikuwa na redio ya mkulima. Namkumbuka ameiinamia, anaipigapiga ubavuni betri zikilegea. Wanaume waliopita njiani wakawa wanamtania, na kwa miaka mingi baadaye mwanamke akijibu neno tu, aliambiwa ameleta mambo ya Beijing. Mama alikuwa hawajibu. Anaongeza sauti ya redio.

Sasa mtu aliyeinamia redio vile, mwanawe akimwambia nimepewa kituo, anauliza habari za mwanamume aliyetoka?

Nikaanza kutafuta maana. (Bahati anasema huu ni ugonjwa wangu tangu sekondari.) Nikawaza labda mama anauliza swali ambalo sisi hatuulizi kwenye sherehe. Tunahesabu aliyeingia. Aliyetoka tunampigia picha ya mwisho, tunampa fremu ya saa ya ukutani, basi.

Nikamwaza Dokta Mwele Malecela, mwanamke wa kwanza kuiongoza taasisi yetu ya utafiti wa tiba, NIMR. Sisi tuliotoka visiwani tuna deni naye la pekee, maana maisha yake aliyatoa kwenye matende, kichocho na yale magonjwa mengine ambayo wakubwa hawayapi kipaumbele. Ukerewe kichocho ni jambo la nyumbani. Mtoto anaoga ziwani, anachota maji ziwani, anakojoa damu na hashtuki kwa sababu na mwenzake anakojoa damu. Niliwahi kushiriki kugawa prazikwanteli, dawa ya kichocho, shuleni. Mtoto anasimamishwa kwenye mti wenye alama, kimo chake ndicho kinachosema ameze vidonge vingapi, na lazima awe amekula kwanza, la sivyo atatapika mbele yako. Vidonge vyenyewe vikubwa, vichungu. Kuna kamoja kalijiinua kwa vidole vya miguu ili kaonekane kakubwa, nikakashusha.

Huyu Dokta Mwele, Desemba 2016, muda mfupi baada ya kuzungumza hadharani juu ya utafiti wa virusi vya Zika, uteuzi wake ulitenguliwa. Habari ilitembea kwenye simu zetu jioni nzima, kila mtu akiuliza nani anaingia. Sikumbuki mtu yeyote kwenye kundi letu aliyeuliza yeye anakwenda wapi. Alikwenda Shirika la Afya Duniani, Brazzaville kwanza, kisha Geneva, akaongoza idara ya magonjwa hayo hayo kwa dunia nzima. Alifariki Februari 2022.

Shirika hilo hilo lilitoa ripoti 2019: katika watumishi wa afya duniani wanawake ni kama asilimia 70, lakini kwenye nafasi za juu wanashika asilimia 25 tu. Niliibandika ofisini kwa Dokta wakati ule, nyuma ya mlango. Aliisoma akasema, "Basi utanitoa." Tukacheka. Ipo bado, na ofisi ni yangu.

Na chini ya meza kuna kandambili zake za bluu. Kasahau. Jumanne mhudumu wetu wa usafi kazinyanyua na ufagio: "Mama, hizi za Dokta zinakwenda wapi?" Nilimjibu kwa ukali ambao hakuustahili, maskini, hakujua anapiga palepale.

Kwenye kikoba mambo ni rahisi zaidi. Tukivunja mwisho wa mzunguko tunachagua upya, na mwenyekiti aliyemaliza, huyu wetu anayeuza dagaa Mwaloni Kirumba, ananyanyuka kwenye kiti cha mbele anakuja kukaa benchi moja na sisi. Ananunua hisa kama sisi, akichelewa anatozwa faini kama sisi, na sanduku likifunguliwa na wale watunza funguo watatu, naye ananyoosha shingo kuhesabu. Hakuna anayeuliza amekwenda wapi. Yupo pale, anabishana kuhusu riba.

Kufika Jumatano nilikuwa nimeshaijenga hadithi nzima, na nzuri kwelikweli. Mnakumbuka niliwahi kuandika kwamba mama alikuwa mwalimu wa kisomo? Mikoa yetu ya ziwa ndiyo iliyoanza na majaribio ya kisomo chenye manufaa, 1968 mpaka 1972, kabla ya kampeni ya nchi nzima. Mama darasa la saba lake mkononi, binti mdogo, akawa anafundisha wavuvi watu wazima chini ya mwembe, wengine umri wa babu yake. Mwaka 1967 karibu watu wazima saba katika kila kumi hawakujua kusoma. Kufikia 1986 serikali ilisema imebaki asilimia kumi hivi. Ndani ya hesabu hiyo kuna wavuvi wa mama. Halafu akaja mwalimu mwanamume mwenye cheti. Mama akampa daftari la mahudhurio na chaki zilizobaki, akaondoka. Nyumbani habari huishia hapo, na aliyekuja anasifiwa mpaka leo kwa kuleta ubao mpya.

Aliondoka akaenda kulima muhogo. Hakuna aliyeuliza. Kwa hiyo, nikajiambia, yeye sasa anamwuliza kila anayetoka kwa niaba ya yule binti wa chini ya mwembe. Nikatokwa na machozi kwenye daladala. Nikampigia Bahati nimsimulie.

Bahati akanisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo si kawaida yake. Kisha:

"Dada, wewe umesoma ukapitiliza. Mama anauliza hivyo kila mtu."

"Kila mtu nani?"

"Padri mpya alipokuja, watu wamebeba kuku na ndizi, vigelegele, mama kamshika mkono pale pale mlangoni: na yule mtoto wa watu mmempeleka wapi? Padri wa watu kababaika, kasema yuko Roma anasoma. Mama kasema mh."

"Wewe!"

"Mwenyekiti wa kitongoji alimwuliza. Mkata tiketi wa kivuko pale Rugezi alimwuliza. Dada, hata mke mpya wa jirani alimwuliza. Siku ya harusi."

Nilicheka mpaka konda akanigeukia. Nacheka na sasa hivi ninavyoandika. Mke mpya wa jirani! Najaribu kuuona uso wake chini ya shela.

Na bado, nikishuka kwenye gari, nilijisikia nimenyang'anywa kitu. Siku zote zile nimeteseka na swali, kumbe halikuwa langu. Mama anatembea nalo kama anavyotembea na mwavuli wake.

Nikarudi kwa Bahati. Basi angalau alifurahi?

"Sijui. Ameweka nia ya misa ya Jumapili. Amelipa kabisa."

"Ya shukrani?"

"Ya shukrani na maombezi. Nimeona karatasi kwa katekista. Majina mawili."

"Mawili?"

"La kwako ni la pili."

Kwa hiyo Jumapili hii, Nansio, mbele ya waumini wote, litasomwa jina la Dokta kwanza, apate mema huko alikokwenda, kisha langu. Nilimtumia Dokta ujumbe kumpa taarifa. Amejibu kwamba huko aliko hana hata kiti bado, anakalia ndoo ya rangi, na je, kandambili zake nimeziona? Nimezifunga kwenye mfuko. Atazipata kwa dereva wa gari la wagonjwa litakapopeleka rufaa upande huo. Ule ufunguo wa alama ya kuuliza nimejaribu kila mlango isipokuwa wa tangi la maji.

Jingine, na hili ndilo litakaloninyima usingizi leo. Baba Neema ameona Noah huko Nyakato. Mwenye nayo anasema imepata mkwaruzo mdogo tu ubavuni, injini ni ile ile iliyokuja nayo, anauza kwa sababu anahama mji. Nimeuliza imetembea kilomita ngapi, Baba Neema akasema Noah haziulizwi hivyo. Nimeuliza kwa nini imefunikwa turubai, akaniambia ni kwa ajili ya jua. Fedha anayoitazama ni gawio langu la kikoba, ambalo mimi nilikuwa nalitazama kwa ada ya Neema. Kesho asubuhi anataka twende wote tukaione, na nimegundua hivi punde kwamba ameshamwambia mwenye gari mke wake ndiye Mganga Mfawidhi. Bei imeshapanda hiyo.