Masimango, kununa na nafsi ya mtoto

Mjadala wa malezi hapa Zanzibar mara nyingi huishia kwenye bakora: apigwe au asipigwe, skuli au chuoni anakosoma Kurani. Ni mjadala wa lazima. Lakini kuna mambo mawili yanayopita kimyakimya majumbani mwetu kwa kuwa hayaachi alama mwilini, nayo ni masimango na kununa. Wanasaikolojia wanaochunguza jinsi mtoto anavyojithamini wameyakuta hayo mawili mara nyingi, ingawa wao huyaita kwa majina mengine.

Kwanza niiondoe hofu moja. Wazee wengi huogopa kwamba mtoto akijithamini sana atakuwa na kiburi. Dodoso linalotumika zaidi kupima jambo hili lilitungwa na Morris Rosenberg wa Marekani mwaka 1965. Lina sentensi 10 tu, na hakuna hata moja inayomtaka mtu ajione yuko juu ya wenzake. Linauliza kama anajiona ana thamani sawa na wao. Mwaka 2015 Eddie Brummelman na wenzake walitoa utafiti wa Uholanzi uliowafuatilia watoto wa miaka 7 hadi 12 pamoja na wazazi wao. Walioelekea kwenye majivuno ni wale ambao wazazi wao waliwaona bora kuliko watoto wa watu wengine. Waliopata mapenzi ya mzazi, bila ya kutukuzwa, ndio waliojithamini. Kwa hiyo tusimnyime mtoto mapenzi kwa kuogopa kiburi.

Sasa masimango. Mwaka 1996 mtafiti Brian Barber alitenganisha aina mbili za udhibiti wa wazazi kwa watoto. Ya kwanza ni kudhibiti mwenendo: saa ya kurudi nyumbani, kazi za ndani, marafiki anaofuatana nao. Ya pili ni kuidhibiti nafsi: kumtia mtoto hatiani kila mara, na kumwondolea mapenzi mpaka akubali unalotaka. Ya kwanza, ikiwa ya kiasi, humsaidia. Ya pili huandamana na huzuni na kujidharau. “Nimeuza mkufu wangu nikulipie tuisheni, na haya ndiyo malipo yake?” Mama anaweza kuwa anasema kweli tupu, na uchungu wake ni wa haki. Lakini mtoto hawezi kulipa deni hilo, na akisikia maneno hayo mara kwa mara huanza kujiona kuwa yeye mwenyewe ndiye hasara ya nyumba.

Kununa ni kubaya zaidi, kwa maoni yangu, kwa sababu hakuna mwisho unaojulikana. Salamu haiitikiwi. Chakula kipo, lakini anatumwa ndugu yake: “Mwambie huyo akale.” Mtoto wa miaka minane hajui kama kosa limekwisha au bado, wala afanye nini ili likwishe. Na umri huo ndio hasa wa hatari. Mwanasaikolojia Susan Harter alionyesha kwamba mtoto mdogo hujieleza kwa vipande (najua kukimbia, najua kusoma), na kwamba ni kuanzia miaka minane hivi ndipo anapoanza kujihukumu kwa ujumla: mimi ni mtu wa namna gani.

Ronald Rohner, aliyechunguza mapenzi ya wazazi katika tamaduni nyingi, alisisitiza kwamba kinachomjenga au kumvunja mtoto ni vile anavyohisi yeye, na kwamba kila jamii ina alama zake za mapenzi. Kwetu wazazi wengi hawasemi “nakupenda”, na si lazima waseme. Mtoto huyasoma mapenzi kwenye sahani yake iliyofunikwa kawa akichelewa kurudi chuoni, kwenye kusukwa nywele, kwenye kuulizwa leo mmefika sura gani. Mzazi akinuna, hizo ndizo zinazokatika. Basi shika utaratibu huu: hasira iwepo, adhabu iwepo, lakini alama hizo zisikatike hata siku moja. Kama huwezi kuzungumza kwa sasa, mwambie: “Nimekasirika, tutazungumza baada ya Isha.” Na ikifika Isha, zungumza naye kweli.

Haya hayana maana ya kulegeza kamba. Stanley Coopersmith, katika utafiti aliouchapisha mwaka 1967 juu ya wavulana wa Marekani wa miaka 10 hadi 12, aliona kwamba waliojithamini sana walitoka kwenye nyumba zilizowakubali, zenye mipaka iliyo wazi, na zilizowaachia nafasi ya kutoa rai ndani ya mipaka hiyo. Nyumba isiyo na sharti humwacha mtoto asijue kama kuna anayemjali.

Wala sifa za kupindukia si dawa. Utafiti mwingine wa Brummelman, wa mwaka 2014, uliwapa watoto sifa kwa mchoro waliochora. Wale waliokuwa wakijidharau, walipoambiwa mchoro wao ni mzuri mno, walikimbilia kazi rahisi baada ya hapo. Huenda waliona wamewekewa kiwango wasichoweza kukifikia tena. Msifu kwa alichokifanya, na kwa kadiri yake: “Leo umeziandika herufi zako zimenyooka.”

Mtihani wa yote haya ni siku ya ripoti. Tuseme hesabu amepata 34. Isomeni wawili peke yenu, si mbele ya wageni. Muulize yeye kwanza alitarajia ngapi, umsikilize mpaka mwisho. Kisha litaje somo, usimtaje mtu: “hesabu zimekushinda muhula huu” ni tofauti na “wewe mjinga”. Tafuteni mada yenyewe kwenye daftari, pengine ni sehemu, pengine ni vipimo, mpangiane dakika 20 kila siku baada ya Magharibi. Ukimpa adhabu, itaje siku yake ya kwisha, kama hakuna TV mpaka Ijumaa. “Mtazame mwenzio” isitajwe kabisa. Na mambo huharibika zaidi siku ya pili, pale shangazi anapokuja na ripoti ikasomwa upya barazani. Waambie mapema bibi, shangazi na wakubwa wote wa nyumba kwamba jambo hilo limekwishazungumzwa.

Kama umeshanuna, wewe mkubwa ndiye wa kuanza. Mwite kwa jina lake, mwambie kosa lake ni lipi na kwamba limekwisha, umwambie pia kuwa kumnyamazia hakukuwa sawa. Usimpelekee zawadi badala ya maneno hayo, kwani atabaki hajui kosa lilikuwa nini.