Hawajambo wote

Jana nimeenda stendi ya Mbezi kuchukua kiroba cha mchele, mama kanitumia kwa basi kutoka Shinyanga, mzee wa mizigo akaniuliza jina, nikamwambia Shija. Akaacha kuandika, akanyanyua uso. "Mwangaluka! Kulwa na Doto hawajambo?"

Hanijui, simjui. Ila ndo jina letu lilivyo, Msukuma au Mnyamwezi akilisikia tu keshajua kwenu walitangulia mapacha, maana anayetoka kwanza ni Kulwa, wa pili Doto, na mimba inayofuata baada yao ni Shija, awe wa kike awe wa kiume. Anayekuja nyuma ya Shija naye hachagui, ni Kashindye.

Huku Dar Kulwa na Doto wanajulikana na kila mtu, hata makabila yasiyo na habari na Usukumani wanawaita mapacha wao hivyo, na naibu waziri mkuu aliyeteuliwa 2023 si ni Doto, Biteko. Sisi wa nyuma ndo hatujulikani. Nimeshaandikwa Shida kwenye kadi ya kliniki, na shuleni nilipangiwa bweni la wavulana. Waganda wana lao, Kizza, naye ni mtoto anayefuata mapacha, kwa hiyo yule Hamis Kiiza aliyecheza Yanga afu Simba, kwa jina ni Shija mwenzangu (mnaona, sisi hatuna timu).

Sasa kwetu Doto hayupo. Alifariki ana miezi minne, mimi hata sijatungwa, picha hana, na mama hapendi kumwongelea. Utotoni niliona jina limenionea, yaani wenzangu wana majina yao mimi nimepewa la kuhesabia watu wengine, nikawa nalilia kuitwa Jackline. Siku hizi nawaza tofauti kidogo, maana nikiangalia vizuri hakuna anayemuulizia Doto duniani isipokuwa hawa wazee wanaosikia jina langu.

Nikamjibu mzee, hawajambo wote.

Usiku nikampigia Kulwa kumsimulia. Akakaa kimya, afu akauliza, "Ulimwambia wote?" Nikasema ee, wote. Akakohoa kidogo, akaniuliza kama mchele umefika salama au kiroba kimetoboka.