Mikwaruzo ya Sauti Katika Kompyuta Yangu
Kwa kuwa upepo wa bahari hapa Lamu hula shaba, kompyuta yangu ilipoanza kukwaruza kila nilipohariri rekodi za taarabu, nilishuku kwanza tundu la kuchomekea spika, nikalisafisha kwa spiriti huku umeme umezimwa. Mikwaruzo haikukoma. Spika hizohizo zilipounganishwa na simu zilitoa sauti safi, ndipo nikajua kwamba kasoro imo ndani ya kompyuta. Kilichoiponya ni kuongeza bafa, yaani akiba ya muda ya sauti, kutoka sampuli (vipimo vidogovidogo vya sauti) 128 hadi 512, kwani bafa ndogo huisha kabla prosesa haijaijaza tena, na kila pengo husikika kama mkwaruzo. Kwa sampuli 48,000 kwa sekunde, bafa hiyo huchelewesha sauti takriban milisekunde 11, kiasi ambacho msikilizaji hakioni, ingawa mpiga kinanda anayejirekodi huenda akakihisi.