Kidevu juu ya taulo: kukata kucha za mbwa bila kumkaba

Msikilize mbwa wako anapotembea taratibu kwenye sakafu ngumu. Ukisikia tak, tak, tak kwa kila hatua, kucha zimerefuka. Ukucha mrefu husukumwa na sakafu, nao hukisukuma kidole; mbwa huanza kukanyaga vibaya ili kujinusuru, na miezi ikipita viungo vyake ndivyo vinavyoumia. Kucha lazima zikatwe. Ila hakuna ulazima wa mtu mmoja kumlalia mbwa huku mwingine akikimbizana na mguu.

Nimeichagua kazi hii moja kwa sababu katika utunzaji wote wa mbwa ndiyo inayoharibiwa zaidi, na nguvu unazotumia leo ndizo zinazoifanya ya mwezi ujao iwe ngumu. Mbwa aliyekabwa mpaka kucha zote 18 zikaisha hatoki pale akiamini kwamba mkasi hauumi. Anatoka akijua kwamba kulamba midomo hakukusikilizwa, kugeuza kichwa hakukusikilizwa, kuvuta mguu hakukusikilizwa. Siku nyingine ataanzia kwenye meno. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na mbwa huyu atashtuka kwa sauti ya droo tu.

Wapo watakaosema, "Mbona wangu nikimshika vizuri anatulia?" Mtazame vizuri. Mwaka 1967 wanasaikolojia Martin Seligman na Steven Maier walionyesha katika maabara kwamba mbwa waliopigwa shoti wasizoweza kuzikwepa, hata walipofunguliwa njia ya kutokea baadaye, wengi wao walibaki palepale wakivumilia. Kwa nje, kukata tamaa hufanana sana na utulivu. Mbwa aliyeganda mwili wake ni mgumu, mdomo ameufunga, weupe wa jicho unaonekana pembeni, na kipande cha nyama anachokipenda hakigusi. Aliyetulia kweli ni laini ukimpapasa, anapumua kawaida, na anakula.

Andaa haya kwanza

Mkasi wa kucha uwe mkali. Mkasi butu huubana ukucha kabla ya kuukata, na mbano huo unauma hata kama hukugusa nyama. Mbwa wengi wanaosemwa ni wakorofi wanalalamikia jambo hili tu. Kwa mbwa mkubwa tumia mkasi wenye meno mawili yanayokutana. Ule wa tundu na kisu kimoja unafaa kucha nyembamba, nao unahitaji kubadilishwa kisu mara kwa mara.

Tandika mkeka wa mpira ili miguu isiteleze. Taulo likunje mara kadhaa, uliweke juu ya kigoda au paja lako, kwa kimo ambacho mbwa akilaza kidevu shingo yake inabaki imenyooka. Kata vipande 40 hivi vya chakula laini, kila kimoja kama punje ya mahindi, vya kumezwa bila kutafunwa. Vihesabu ndani ya mlo wake, maana vitafunwa havipaswi kuzidi asilimia 10 ya kalori za siku. Ukitumia siagi ya karanga, soma lebo: zailitoli (xylitol), utamu unaotiwa kwenye baadhi ya bidhaa, ni sumu kwa mbwa hata kwa kiasi kidogo. Mwisho, weka karibu unga wa kukausha damu, au wanga wa mahindi kama huna.

Kidevu chini, tunaendelea; kidevu juu, tunaacha

Mkasi bado uko kabatini. Weka kiganja juu ya taulo. Mbwa atakuja kunusa, kidevu kikigusa tu, sema "Ndiyo!" kisha mlishe palepale juu ya taulo. Mahali unapomlishia pana maana kubwa: ukimpa chakula pembeni, kichwa kitafuata pembeni, na utashangaa kwa nini hakai. Baada ya marudio kumi hivi, toa kiganja, taulo libaki peke yake. Ongeza muda kwa kupanda na kushuka: sekunde 1, 2, 4, kisha 1 tena, 5, 3, 7, hadi afikishe 10 bila shida. Ukipandisha tu bila kushuka, mbwa huuona mchezo unazidi kuwa mgumu kila mara, anaondoka.

Sasa unaingia naye mkataba. Kidevu kikiwa chini, una ruhusa ya kumgusa. Akikiinua, mkono wako unatoka papo hapo, ndani ya sekunde hiyo, hata kama ulibakiza kidogo tu umalize. Usimsukume kichwa kukirudisha, usimguse "mara ya mwisho tu". Kaa kimya, subiri. Mara nyingi kidevu hurudi chenyewe, na hapo ndipo kazi inapokuwa tamu, kwa sababu mbwa anayejua mlango uko wazi hana sababu ya kuupigania.

Mkataba huu huvunjwa na binadamu karibu kila mara. Mbwa ameinua kidevu mkasi ukiwa umeshashika ukucha, na mtu anajiambia, "Nimalizie huu." Marudio ishirini mazuri yanapotea kwa ukucha mmoja.

Mguso kwanza, chakula baadaye

Mwanasaikolojia Mary Cover Jones wa Marekani aliripoti mwaka 1924 jinsi mtoto aliyeogopa sungura alivyoondolewa hofu: sungura alisogezwa karibu kidogo kidogo huku mtoto akila chakula anachokipenda. Kwa mbwa mantiki ni hiyohiyo, ila zingatia mpangilio. Mguso utangulie, chakula kifuate. Ukianza kulisha kisha ndiyo ushike mguu, chakula chenyewe kinageuka onyo: mbwa anaona kipande cha nyama, anakumbuka kinachofuata, anajificha chini ya meza. Ndiyo maana kuna mbwa wanaokataa vitafunwa vitamu mkononi mwa bwana wao na kuvikubali kwa mgeni.

Rudio moja linakuwa hivi. Kidevu kimelala. Mkono wako wa kulia umetulia karibu na chakula, haujachukua kitu. Wa kushoto unashuka toka begani hadi kwenye kiwiko cha mbwa, unagusa sekunde moja, unaondoka. Hapo tu ndipo wa kulia unapochukua kipande na kukishusha kwenye taulo. Anameza. Unasubiri kidevu kilale tena. Yote haya ni kama sekunde sita.

Panda ngazi taratibu: bega, kiwiko, kifundo, wayo. Kisha kuinua wayo sekunde moja. Kisha kutenga kidole kimoja. Kisha mkasi kuonekana tu, mkasi kugusa ukucha ukiwa umefungwa, mkasi kufunguka na kufungwa hewani. Kabla ya kukata kweli, kata kipande cha tambi kavu karibu na wayo. Mlio wake unakaribia ule wa ukucha. Pima kwa matano: akibaki na kidevu chini mara 5 kati ya 5, panda, mara 4, rudia hapohapo, mara 3 au chini, shuka ngazi moja. Kikao kisizidi dakika tatu. Mbwa asiye na kumbukumbu mbaya anaweza kumaliza ngazi hizi kwa wiki moja au mbili. Aliyewahi kukabwa huhitaji miezi, na huo ni muda halali kabisa.

Siku ya kwanza ya kukata, kata ncha ya ukucha mmoja, mpe vipande vitano mfululizo, funga kazi. Kesho mwingine. Bandu bandu huisha gogo: kwa ukucha mmoja kwa siku unazunguka miguu yote minne kwa siku 18 na kuanza upya, na kwa mbwa wengi hiyo inatosha kuzuia kucha zisirefuke.

Ukishika mkasi

Usiuvute mguu wa mbele kwenda nje. Kiungo cha mbwa hakikuumbwa kufunguka hivyo, na hapo ndipo anapoanza kung'ang'ana. Ukunje kwenda nyuma, kama anayemvisha farasi kiatu. Wa nyuma uinue kidogo tu toka sakafuni, hasa kwa mbwa mzee mwenye nyonga zinazouma, au mwache alale ubavu. Weka kidole gumba chini ya kitanga cha kidole chake na kidole chako cha shahada juu, nyuma kidogo ya ukucha, ukishikilia bila kubana. Sogeza manyoya, unywele mmoja ukinaswa na mkasi unatosha kumrusha.

Kata vipande vyembamba vya milimita moja moja. Ukucha mweupe unaonyesha nyama ya waridi ndani yake, simama milimita 2 kabla. Ukucha mweusi usomee kwenye uso uliokatwa: mwanzoni utaona kitu kikavu, cheupe kama chaki, ukiona kidoa cheusi chenye unyevu katikati, acha. Nyama hiyo ina mishipa ya damu na ya fahamu. Kwa kucha zilizoachwa muda mrefu huwa imesogea mbele, nayo hurudi nyuma polepole ukikata kidogo kidogo kila wiki, kwa hiyo usitafute urefu mzuri kwa siku moja. Usisahau ukucha wa kidole cha juu, upande wa ndani wa mguu. Haugusi ardhi, hausagiki, na unaweza kujikunja ukaingia kwenye nyama.

Damu ikitoka, gandamiza unga dakika mbili nzima bila kuchungulia. Ukichungulia unaondoa damu inayoanza kuganda. Damu isipokata baada ya dakika kumi za kugandamiza, mpigie daktari wa mifugo. Na mbembeleze mbwa wako kama anataka. Kumfariji aliyeumia hakumfundishi woga. Hilo ni jambo la zamani lililobaki vinywani mwa watu. Kikao kinachofuata, shuka ngazi tatu.

Kuna wanaopendelea mashine ya kusaga. Inafaa, ila mtetemo na joto vifundishwe kama vitu viwili tofauti, na usiuguse ukucha zaidi ya sekunde mbili kwa mara moja. Kwa mbwa asiyetaka kabisa kuguswa miguu, bandika msasa namba 80 kwenye ubao wa upana wa sentimita 25 na urefu wa 60, uinamishe kama nyuzi 45, umfundishe kuukwaruza mwenyewe. Vidole vya kati husagika kuliko vya pembeni, kwa hiyo geuza ubao kidogo kila mara, na kagua vitanga visichubuke.

Inawezekana mbwa wako ana ukucha unaochoma nyama leo, na mafunzo ndiyo kwanza yameanza. Usimsubirishe na maumivu. Mpeleke kwa daktari, zungumzeni kuhusu dawa ya kutuliza kabla ya safari au usingizi mfupi, na kama amezoeshwa kifunga mdomo cha umbo la kikapu, kile kinachomruhusu kuhema na kula, mvishe. Kazi hiyo ifanyike mahali pengine, kwa mkasi mwingine, kwenye meza nyingine. Taulo lako liache nyumbani.