Nusu ya Doti

Boila, ule mtambo wa gesi unaopasha nyumba joto, ilikufa alfajiri ya Alhamisi, tarehe 1 Machi 2018. Tarehe naikumbuka kwa sababu wiki ile Uingereza nzima haikuwa na habari nyingine. Magazeti yaliipachika baridi ile jina la Mnyama wa Mashariki, na sisi tuliotoka mashariki ya huku kwetu tukawa tunataniana kwenye simu kwamba safari hii tusisingiziwe, mashariki inayosemwa ni ya Siberia.

Wa kwanza kujua kwamba nyumba imepoa hakuwa mimi, alikuwa Somo. Binti yetu alikuwa na miaka miwili na miezi miwili. Jina lake ni la mama yangu mzazi, kwa hiyo mama humwita somo yangu, na sisi tukafuata hivyo hivyo mpaka jina lenyewe likabaki la hospitali na pasipoti. Aliketi kitandani katikati ya mablanketi, akapumua, mvuke ukamtoka mdomoni. Akautazama unavyopotea.

"Moshi," akasema. Akapumua tena. "Baba, moshi!"

Akanisogelea akanipulizia usoni na mimi nione. Nikanyoosha mkono kugusa redieta ya ukutani inayopasha chumba joto, baridi kama jiwe la mtoni. Ukutani tulikuwa na ile kadi ya kupimia joto tuliyopewa na muuguzi wa watoto, akatuambia chumba anacholala mtoto kiwe kati ya nyuzi 16 na 20. Kadi ilisoma 11.

Tulikuwa tunaishi Leeds, mtaa wa Harehills, katika zile nyumba za matofali mekundu zilizopeana migongo. Nieleze kidogo, maana mimi kwetu sijaziona. Nyumba ina mlango mmoja tu, wa mbele. Ukuta wako wa nyuma ndio ukuta wa nyuma wa mwenzio anayetazama mtaa wa pili. Kulia jirani, kushoto jirani, uani hakuna, na nguo watu wanaanika kwenye kamba zinazokatiza barabara. Ukikohoa usiku, nyumba tatu zinajua. Lakini kujua si kusemezana. Miezi minane tuliyokuwa tumekaa pale, jirani niliyekuwa nimebadilishana naye maneno alikuwa mzee wa mlango wa kulia, na maneno yenyewe yalikuwa mawili. Salamu ya watu wa eneo lile, Yorkshire, ukiifasiri neno kwa neno ni "sasa basi". Siku za mwanzo nilikuwa nikisimama namtazama nikingoja aendelee, naye ananitazama akingoja niitikie, kisha kila mtu anaingia kwake.

Mke wangu ndiye aliyekuwa na safari ya Uingereza. Alikuwa anasoma shahada ya uzamivu, na mimi, mwalimu wa jiografia wa Tanga, nikaweka chaki chini nikamfuata na mtoto. Saa chache alizoruhusiwa kufanya kazi alizitumia kwenye nyumba moja ya kulelea wazee. Jumatano usiku alikwenda shifti, arudi Alhamisi saa mbili asubuhi. Saa mbili ilipofika, aliyerudi ni ujumbe: "Wa kunipokea hajafika, mabasi hayatembei, siwezi kuacha wazee peke yao. Mtoto amekula?"

Sikumwambia habari ya boila. Nikamjibu amekula, na ilikuwa kweli, uji tulishakunywa. Jiko letu lilikuwa la umeme.

Boila yenyewe ilikuwa jikoni, sanduku jeupe ukutani. Nikibonyeza kitufe inaamka, inagugumia kama mtu anayesukutua, halafu inazima na kuniwashia taa nyekundu. Nikafungua redio nipate la kunituliza, redio ikanimaliza. National Grid, waliokuwa wakisimamia mabomba makuu ya gesi ya nchi, wametoa tahadhari kwamba gesi ya siku ile huenda isitoshe mahitaji ya nchi. Mtanzania ukishamwambia hivyo huna haja ya kumfafanulia. Mgao! Mgao umevuka bahari umetufuata mpaka Leeds. Nikajilaumu hata kwa nini sikununua mishumaa.

Nikampigia wakala wa mwenye nyumba. Mashine ikaniarifu kuwa mimi ni wa 31 kwenye foleni, ikaniwekea muziki. Somo akaupenda ule muziki, akacheza mpaka simu ikakatika yenyewe.

Lililobaki lilikuwa dukani. Gesi yetu ilikuwa ya kulipia kabla, kama umeme wa LUKU kwetu, ila badala ya namba unakwenda na kadi, unawekewa pesa, unarudi kuichomeka kwenye mita. Mita ilionyesha salio la pauni 6 na ushei, lakini nilijiambia nikiongeza huenda boila ikapata moyo. Nikaanza kumvalisha Somo: fulana, taiti, suruali, sweta, soksi mbili mbili, ovaroli la theluji, kofia, glavu, gambuti. Anayevalisha mtoto wa miaka miwili ovaroli la theluji ni kama anayemrudisha pweza kwenye chupa. Nikapandisha zipu mpaka kidevuni, nikajipongeza.

"Baba, mavi," akasema Somo.

Tukaanza upya.

Nje, theluji ilikuwa imefika juu ya vifundo vya miguu na bado inashuka. Kigari cha mtoto kilisogea hatua tatu, magurudumu yakashiba, nikakirudisha ndani nikambeba. Kwenye kona ya mtaa kuna sanduku la manjano la halmashauri, lina chumvi ya kumwaga barabarani ili barafu isishike. Chumvi ile si nyeupe kama yetu, ina rangi ya udongo, na nyingi huchimbwa chini ya ardhi kule Cheshire. Mtu ameshaimwaga pembeni ya njia. Nilimshusha Somo dakika moja nipumzishe mkono, alipoinuka alikuwa ameshailamba glavu yake.

"Chumvi," akaniambia, na uso umemkunjamana.

Mtoto wa Tanga, nikasema moyoni, mashamba ya chumvi ameyaacha nyuma hajui hata kutamka. Dukani kadi ikaingia pauni 10. Mikate hakuna, maziwa hakuna, rafu nyeupe tupu, ila bamia na ndizi za kupika zimejaa. Nikanunua ndizi.

Tuliporudi nikachomeka kadi, nikabonyeza kitufe. Ikasukutua. Ikazima.

Hapo Somo naye akachoka. Si kulia kwa njaa wala kwa baridi, ni kule kulia kwa mtoto aliyeamua. Nikimweka chini, "Beba!" Nikimbeba, mkono mmoja hauwezi hata kufungua kopo. Hita ndogo ya feni ilikuwa inapasha visigino vyangu tu. Saa saba mchana, nikampigia mama kwa video. Tanga ilikuwa saa kumi jioni, kaskazi limeshika, mama yuko barazani anajipepea.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona somo yangu analia? Na wewe mbona umevaa koti ndani?"

Nikamweleza. Akasikiliza, akasema tuwashe jiko la mkaa. Nikamwambia mama, nyumba hizi zimezibwa kila upande, mkaa utatuua tukiwa tumelala. Akanyamaza kidogo. Kisha akauliza, "Ile kanga yangu iko wapi?"

Kanga ile ina kisa chake. Siku tunayoondoka, mama alinunua doti moja, akaikata mbele yetu kwa mkasi. Kipande kimoja akatutilia begini, cha pili akabaki nacho. Shangazi alikaripia, doti gani inaachanishwa, mama akasema hii. Jina lake: USISAFIRIE NYOTA YA MWENZIO. Nililisoma tukiwa kwenye ndege, nikatulia nikifikiri ujumbe ni wa nani hasa, maana katika familia ile aliyesafiria nyota ya mwenziwe alikuwa mmoja tu, naye ni mimi. Baadaye nilimuuliza. Akaapa kwamba alipenda rangi. Mwanamke wa Tanga anunue kanga bila kusoma jina! Haya.

"Ichukue umfunge mgongoni," akasema mama. "Utapata mikono miwili, na yeye atapata joto lako."

"Mama, mimi mwanamume."

"Huko nani anakujua?"

Sikuwa na jibu. Nikaegemeza simu kwenye chupa ya mafuta, nikaileta kanga. Mama naye akaingia ndani, akatoka na kipande chake na mto wa kulalia. Akaiegemeza simu yake sijui wapi, akainama, akautupia mto mgongoni kama alivyonibeba mimi miaka thelathini na kitu nyuma, akaanza kunifundisha.

"Inama. Inama zaidi, unaogopa nini? Mlaze. Miguu yake ipite huku na huku. Sasa kanga juu yake, mpaka chini ya makwapa. Huu pitisha chini ya mkono."

"Mkono upi mama?"

"Huu."

Huu wake kwenye kioo ulikuwa ule wangu. Kwanza nilimfunga Somo akawa ananing'inia kiunoni kama kibuyu. Mara ya pili nilimbana akalalamika. Mama alicheka mpaka akakohoa, akamwita shangazi, shangazi akaja na wajukuu, baraza ikajaa. Mara ya tatu ikakaa. Nikaisokota ncha kifuani, nikaichomeka, nikasimama polepole kama mtu aliyebeba mayai. Somo aliuweka uso katikati ya mabega yangu. Kilio kikapungua, kikawa kunung'unika, kikaisha. Nikahisi pumzi yake ya moto inapenya koti.

Ndipo mlango ukagongwa.

Alikuwa mzee wa kulia. Baridi yote ile amevaa shati la mikono mifupi na viatu vya ndani, mkononi ana kopo la kumwagilia maua. "Sasa basi," akanisalimu. Safari hii akaendelea. Akasema tangu asubuhi anaisikia boila yangu ukutani kwake inagugumia, na anajua ugonjwa wake. Akanivuta nje akanionyesha bomba la plastiki jeupe, jembamba, linalotoka ukutani kando ya mlango wangu. Nimelipita kila siku miezi minane sijawahi kujiuliza kazi yake. Mdomoni limefunga mkuki wa barafu.

Akanieleza kwa utaratibu. Boila hizi za kisasa hazitupi moshi ukiwa na moto wake wote. Huukamua joto mpaka mvuke uliomo unageuka maji, na maji hayo hutiririka nje kwa bomba lile. Bomba likiganda, maji hurudi ndani, na boila hujizima isijiharibu. Mtaa mzima leo watu wanahangaika na hilo.

Nikasikia haya ya kitaaluma. Miaka sita nimechora ubaoni mvuke unavyogeuka maji na maji yanavyogeuka barafu, na mishale nimeweka. Leo vyote viwili vimetokea kwenye ukuta wangu, mimi nikapiga ramli ya mgao.

Maji yasichemke, akasema, bomba litapasuka. Nikachanganya ya birika na ya bombani, nikayapima kwa kiwiko kama maji ya kumwogeshea mtoto. Akaniangalia nilivyopima, hakusema kitu. Yeye anamwaga, mimi naingia kuleta mengine, Somo mgongoni, ndani nje, ndani nje. Simu nilikuwa nimeihamishia dirishani. Mama hakuwa amekata. Alikuwa bado ana mto mgongoni, amesahau.

"Mwambie karibu Tanga," akapaza sauti. Nikamfasiria. Mzee akaupungia mkono mto na mama pamoja, akauliza yale maandishi kwenye nguo yanasemaje. Nikamwambia: usisafiri kwa kufuata nyota ya mtu mwingine. Akatazama juu, mawingu yameshuka mpaka kwenye mabomba ya moshi ya nyumba. Akasema kwa leo hata ukitaka kumfuata mtu, nyota yenyewe utaitoa wapi. Akamwaga kopo la nne.

Mkuki ukadondoka, ukavunjika kwenye ngazi. Bomba likakohoa maji. Tukaingia jikoni, nikabonyeza kitufe, boila ikavuta pumzi ndefu, ikavuma. Sijasikia mvumo mtamu kama ule. Nilimkaribisha mzee chai, akasema chai anayo kwake, akachukua kopo lake, akaenda nyumba ya pili yake. Nilimpelekea ndizi za kukaanga baadaye.

Mke wangu alifika karibu saa kumi na mbili jioni, kwa miguu, kope zimeshika theluji. Nilikuwa nakoroga mboga, Somo amelala mgongoni. Sikuwa nimemfungua tangu mchana. Niliogopa sitaweza kumfunga tena. Mke wangu akasimama mlangoni na buti moja mkononi, akanizunguka mara moja.

"Baba Somo," akasema, "jina liko juu chini."

"Jina gani?"

"La kanga. Umeifunga kichwa chini, na huo mtaa mzima umekuona."

Nikamwambia mama naye ameona, na shangazi, na wajukuu, wote hawakusema. Akacheka akakaa kwenye ngazi, kicheko cha mtu ambaye hajalala tangu jana. Somo akaamka. Akainua kichwa, akamwona mama yake, akafurahi, akafungua mdomo amwonyeshe. Akapumua. Hakuna kitu. Akapumua tena, kwa nguvu, macho makodo.

"Moshi," akasema. "Baba, moshi?"

Nyumba ilikuwa imefika nyuzi 19. Akaanza kulia. Tulimbembeleza kwa ndizi, kwa maziwa ya unga, kwa simu ya bibi yake. Hataki, anataka moshi wake. Mwishowe mke wangu aliinuka, na soksi zake zilizolowa, akaufungua mlango wa mbele tukasimama wote watatu kizingitini, joto lote la siku nzima linatupita kwenda nje, Somo anapuliza.