Vibao vya zamani, Chake hadi Mkoani

Jana nilipanda daladala ya 603 kutoka Chake Chake kwenda Mkoani, kisiwani Pemba, nikakaa dirishani kama nilivyokuwa nikikaa utotoni na marehemu babu. Zamani nilikuwa nikisoma kila kibao cha duka njiani kwa sauti, na babu akinisahihisha. Ndivyo nilivyojifunza kusoma, hata kabla ya skuli.

Vile vibao vilikuwa vya kuchorwa kwa mkono: ubao au bati, rangi ya mafuta, burashi. Kinyozi amechorwa kichwa cha kijana, nywele zimekatwa sawasawa. Dukani: "Leo fedha, kesho mkopo." Herufi zina kivuli chekundu ubavuni, na neno likikosa nafasi, fundi anazibana za mwisho. Ukipita unajua mkono ni wa nani. Sasa karibu kote ni mabango ya plastiki yaliyochapwa kwa mashine, jua la mwaka mmoja tu yameshapauka.

Na zile hoteli tatu za serikali! Mkoani, Chake, Wete, ramani moja, ukiijua moja umezijua zote. Wageni wa Pemba wa enzi zile walikuwa wakilala humo, maana nyumba za wageni zilikuwa za kuhesabu. Babu alinipeleka ya Chake siku moja tukanywa soda, nikaona nimefika Ulaya. Ile baridi ya sakafu chini ya nyayo bado naisikia.

Jamani, mwenye picha ya kibao chochote cha zamani cha Pemba, hata kimeliwa na kutu, naomba aniwekee hapa chini.