Chanjo na maandalizi ya afya kabla ya kwenda kambi ya uwindaji Kameruni, fundi wa Mwanza nilivyojipanga

Nilipowaambia watu wa mtaani Igoma kwamba naenda safari ya uwindaji nje ya nchi waliniangalia kama nimeokota almasi Mwadui, kumbe mimi ni fundi tu, Land Cruiser za mkonga ndo ugali wangu. Bosi ni mwindaji bingwa, nimepiga naye misimu mapori ya Maswa na Rungwa, sasa akapata kazi kaskazini mwa Kameruni upande wa Garoua, kule wateja wanamfuata pofu mkubwa, mnyama wa jamii ya swala, yule wanamwita Lord Derby, na msimu wao unapigwa kiangazi, kwenye Januari hivi mpaka Mei. Akanipigia, fundi pasi unayo? Ninayo. Basi tafuta na kadi ya njano tutakuja kuongea. Akakata simu.

Yaani maandalizi yote ya afya ya mtu anayeenda kukaa porini msimu mzima yameishia kwenye kadi ya njano, yaani cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Mteja anayekuja kupiga mnyama mmoja na kuondoka kwao ana kliniki ya wasafiri, anakaa na daktari anapangiwa chanjo moja moja, ana bima ya kubebwa na ndege akivunjika hata kidole. Fundi, mpishi, mchunaji na treka wa kufuata nyayo ndo wanaokaa huko wiki baada ya wiki, wanashika damu, wanalala kwenye mbung'o, na hao hakuna anayewapangia kitu. Kwahiyo nikajipangia mwenyewe hapahapa Mwanza, dirisha moja hadi lingine, na naandika nilivyofanya kwa sababu najua kuna vijana wengi wa kanda ya ziwa wanaitwa kazi hizi za nje na hawana wa kumuuliza.

Kitu cha kwanza nilichukua tarehe ya ndege nikaanza kuhesabu kurudi nyuma, maana chanjo sio panadol kwamba ukimeza imeanza kazi. Homa ya manjano cheti chake kinaanza kuhesabika siku 10 baada ya kuchomwa, hata kama kadi unayo mkononi siku ya tatu haikusaidii. Ya homa ya ini inataka dozi tatu, unachoma leo, mwezi mmoja baadae, halafu ya mwisho miezi sita baada ya ile ya kwanza. Ukianza wiki ya safari unakuwa unatania.

Nikaanzia kwa daktari mmoja wa hospitali ya binafsi mjini, nikamwambia ukweli wote, naenda wapi, nafanya kazi gani, kambi iko mbali na hospitali kiasi gani. Hiyo ni muhimu kuliko unavyodhani, ukisema tu nasafiri Kameruni anakuwazia hoteli ya Douala. Nikapimwa vyote, presha, sukari, damu, VVU, homa ya ini, choo na mkojo. Kipimo cha VVU msikikwepe, chanjo ya homa ya manjano ni kirusi hai kilichopunguzwa makali, mtu ambaye kinga yake imeshuka sana haruhusiwi kuchomwa, na mwenye aleji kali ya mayai naye aseme mapema, na mtu wa miaka 60 kwenda juu lazima daktari apime kwanza faida na hatari.

Kwenye choo wakakuta kichocho. Sikushangaa na wewe wa Mwanza usishangae, nimekulia kuogelea ziwani, kichocho cha ziwa letu kinakaa tumboni zaidi, wala sio kile cha kukojoa damu ambacho watu wanakijua, kwahiyo unaweza kuishi nacho miaka unasema ni gesi. Nikapewa praziquantel kwa kipimo cha uzito, vidonge vikubwa vichungu vile wanavyogawa mashuleni na ile fimbo ya kupima urefu, nikala kwanza ndo nikameza. Daktari akanieleza vizuri, alisema unataka uende na tumbo safi, ili ukiharisha huko ujue ni kitu cha huko sio mzigo umetoka nao nyumbani. Hiyo point niliipenda sana.

Homa ya manjano haichomwi kila kona, ni vituo maalumu vyenye muhuri, nikaelekezwa kwa watu wa afya mipakani. Nikapiga simu kabla ya kwenda, na hapa kuna siri ambayo ukiijua huzunguki bure: kichupa kimoja kina dozi nyingi na kikishachanganywa lazima kitumike ndani ya saa 6 kinachobaki kinamwagwa, ndo maana wanapenda watu wakusanyike wachomwe pamoja. Ukienda kichwa kichwa siku yoyote unaweza kuambiwa urudi. Nililipa kwa control number nikapewa risiti, nikachomwa mkono wa kushoto, nesi mama mtu mzima, nikamsalimia mwangaluka mayu akacheka akaniambia mwanangu kaa hapo dakika chache nikuangalie usije ukaanguka na bodaboda. Kesho yake mwili ulikuwa mzito kidogo ikaisha.

Kadi ikishaandikwa isome hapohapo. Jina lifanane na pasi herufi kwa herufi, namba ya pasi, tarehe, namba ya chanjo, saini na muhuri. Tangu tarehe 11 Julai 2016 cheti hiki ni cha maisha, hakuna tena kurudia kila miaka 10, kwahiyo mtu akikuambia kadi yako ya zamani imeexpire muulize kwa kanuni ipi. Na kuna wale wa kukuuzia kadi bila sindano, mimi nilifuatwa, elfu kadhaa tu unapata na muhuri. Sasa fikiria unaenda nchi ambayo ugonjwa wenyewe upo, hauna dawa ya kuuponya, wewe umenunua karatasi. Na kumbuka kadi hiyo inaangaliwa mara mbili, ya kuingia Kameruni na ya kurudi Tanzania, maana unakuwa umetoka nchi yenye ugonjwa.

Chanjo ya homa ya uti wa mgongo ndo bosi hakuwa hata anaiwaza. Kaskazini mwa Kameruni iko ndani ya ule ukanda wa uti wa mgongo unaoanzia Senegal hadi Ethiopia, na milipuko inakuja kiangazi, Desemba hadi Juni, upepo mkavu wa vumbi la jangwani ukipiga, yaani msimu wa uwindaji wenyewe. Tena mnalala wengi kwenye hema moja mnakoholeana. Nikawaza nitaipata wapi Mwanza, jamaa yangu wa Kirumba ambaye mama yake alienda Makka akaniambia mbona mahujaji wote wanachomwa hiyo. Kweli, Saudia haiwapokei bila chanjo ya uti wa mgongo, ile ya aina nne A, C, W na Y, kwahiyo nikauliza wanaohudumia mahujaji wanaipata wapi, nikapangiwa nikachomwa sindano moja tu. Kama umekwama kuipata ulizia njia ya mahujaji.

Pepopunda nilichoma bila kufikiria mara mbili. Wanawake wetu wanachomwa kliniki wakiwa wajawazito, sisi wanaume mara ya mwisho ilikuwa tukiwa wachanga, na mimi kazi yangu ni mabati, misumari, waya na chuma chenye kutu chini ya gari. Siku hizi inakuja pamoja na ya dondakoo. Rahisi, haraka, na kwa fundi ni ya lazima hata kama huendi popote.

Homa ya ini B, Tanzania ilianza kuwapa watoto wachanga 2002, kwahiyo ukiwa umezaliwa kabla ya hapo usijidanganye kwamba ulichanjwa. Unapimwa kwanza, ukiwa huna maambukizi ndo unachomwa. Kambini mnachangia nyembe, mtu kajikata unamfunga kidonda kwa mikono mitupu, hiyo ndo njia yake. Typhoid nayo nilichoma, sindano moja inakaa kama miaka 2 mpaka 3, ila sio kinga kamili, maji bado unachemsha.

Sasa ya kichaa cha mbwa ndo ilinigombanisha na bosi. Ni ghali, na duka la dawa la jumla mjini lilibidi liagize Dar ije kwenye boksi la barafu. Bosi akasema wewe ni fundi hushiki wanyama. Nikamwambia bosi, mbwa wa vijijini wanakuja kambini usiku kufuata mifupa, na hospitali ya kwanza ni siku nzima ya barabara ya vumbi, nikiumwa na mbwa nitaipata wapi ile dawa ya kingamwili ambayo hata kwenye miji mikubwa inasumbua kupatikana? Hesabu iko hivi: ukiwa umechanjwa kabla, dozi mbili, leo na siku saba baadae, ukija kuumwa unaosha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 halafu unaongezewa dozi mbili tu, siku hiyo na siku tatu baadae, na ile kingamwili huihitaji kabisa. Usipochanjwa unahitaji vyote, na ugonjwa ukishaanza kuonyesha dalili hakuna wa kukuokoa. Akanyamaza, baadae akatuma hela, na akaniambia nimuulizie na ya mchunaji wetu. Ushauri wangu ongea habari ya nani analipa kabla hujasaini mkataba, ukishasaini sauti yako inakuwa ndogo. Nilidai pia timu nzima iingizwe kwenye bima ya kuhamishwa mgonjwa, na tuliingizwa.

Malaria ndo nilipambana na kiburi changu, na nadhani wengi wa kanda ya ziwa tuko hivyo. Unajiambia mimi nimekulia mbu wa Igombe, malaria naijua. Daktari akasema unaijua ndio, ila kinga ya mtu mzima aliyezoea inakufanya usizidiwe haraka, haikufanyi usiugue, na porini ukiugua fundi magari yote yanalala. Tukachagua doxycycline, kidonge kimoja kila siku, siku moja au mbili kabla ya kufika, kipindi chote ukiwa huko, na wiki 4 baada ya kutoka. Inamezwa na chakula na maji mengi na usilale papo hapo, inachoma koo, na ngozi inakuwa nyepesi kuungua na jua hata kama wewe ni mweusi kama mimi, kwahiyo kofia pana. Bado nikabeba vipimo vya haraka vya malaria na dozi kamili ya dawa ya mseto ya kuitibu, vidonge 24, vinne asubuhi vinne jioni siku 3, na nikakumbushwa vinywewe na kitu chenye mafuta, hata chai ya maziwa, ndo dawa iingie vizuri kwenye damu.

Mbung'o hawana chanjo wala kidonge cha kukinga malale, kinga ni nguo. Ndo maana mitego yao inashonwa kwa kitambaa cha bluu na nyeusi, rangi hizo zinawaita. Nikaenda Mlango Mmoja kwenye mitumba nikachambua kaki na kijani kilichopauka, mikono mirefu, kitambaa kizito, ovaroli yangu ya bluu ya gereji nikaiacha nyumbani pamoja na jinzi zote. Niliyekuwa nanunua kwake akaniuliza kaka unaenda jeshini.

Meno usiyasahau. Nilikuwa na jino linalonisumbua nikinywa soda ya baridi, nikaliziba kabla ya kuondoka, maana jino likiamka usiku katikati ya pori hakuna spana ya kulifungua.

Begi la dawa nililifanya dogo. Paracetamol, ORS nyingi maana Machi na Aprili joto la kule linapita nyuzi 40, dawa ya aleji, bandeji, glavu boksi zima ambazo nyingi nilimpa mchunaji. Dawa zote kwenye pakiti zake na barua ya daktari, na majina yawe ya dawa yenyewe sio jina la kampuni, duka la Garoua halijui jina tulilozoea huku. Nikaandikiwa pia kikaratasi kwa Kifaransa, kundi la damu, aleji, dawa ninazotumia, nikakilaminisha nikaweka nyuma ya pasi. Mambo ya nyama ya nyani na popo hayo nilishakataa kabla sijatoka, Marburg ilivyoingia Bukoba 2023 na Biharamulo 2025 ilitosha kunifundisha, na mzoga uliokutwa umekufa wenyewe hagusi mtu, kimeta hakina utani.

Douala yule ofisa aliangalia kadi ya njano kwa sekunde chache akanirudishia, na mwenzetu mmoja wa timu nyingine, sio Mtanzania, akatolewa pembeni na kadi yake ilikuwa na tarehe mpya ambayo siku 10 hazijafika. Sikujua waliishiaje naye maana tulikuwa tunakimbilia ndege ya kaskazini.

Kama umerudi salama bado hujamaliza. Doxy niliendelea nayo nyumbani wiki zote 4 japo mke wangu alikuwa anauliza unaumwa nini, dozi ya tatu ya homa ya ini nilienda kuichoma tarehe yake ilipofika, na homa yoyote ikikushika miezi ya mwanzo baada ya kurudi mwambie daktari ulikuwa wapi kabla hajakuandikia chochote, maana akiona mtu wa Igoma ana homa atawaza malaria ya Igoma tu, hawezi kuwaza mbung'o wa Garoua.